Boston Red Sox: mcheza kwao huuzwa

#1 Mwana-Maine (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Najua jukwaa hili ni la kabumbu na sisi wa besiboli tunahesabika, lakini leo nimeshindwa kunyamaza. Alex Bregman kaondoka. Kamwaga wino Chicago Cubs, miaka 5, dola milioni 175. Kwetu kakaa msimu mmoja tu. Siku chache baadaye uongozi ukamsajili Ranger Suárez, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) wa mkono wa kushoto aliyekuwa Philadelphia, miaka 5 kwa milioni 130, na watu mitandaoni wakaanza kupongezana kwamba tumejibu mapigo.

Na Suárez sina ugomvi. Mrushaji mzuri, karibu sana. Ugomvi wangu ni na namna tulivyofika hapa, maana ukirudi nyuma usajili mmoja baada ya mwingine unakuta ni jambo lile lile linafanyika tangu 2014: kijana tuliyemlea wenyewe akifikia umri wa kulipwa vizuri anaambiwa ni ghali, anaondoka, halafu tunamlipa mgeni hela zaidi ya zile tulizomnyima yeye. Na mkataba wa yule mgeni ndio unaokuja kumsukuma nje kijana anayefuata.

Kwa wasiojua taratibu: Marekani timu inamiliki haki za mchezaji kwa misimu 6 ya kwanza ya ligi kuu. Mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, mitatu inayofuata mshahara unapanda kwa mazungumzo, na wakishindwana wanaamua wasuluhishi. Baada ya hapo anakuwa mchezaji huru na anaenda anakotaka. Kwa hiyo miaka yake bora ya ujana timu inaipata kwa bei ya chini. Siku ya kulipa inakuja mara moja, na siku hiyo ndiyo Boston huwa inaangalia pembeni.

Anza na Jon Lester. Alichukuliwa na Red Sox 2002 akitokea sekondari, akakua, akaugua saratani 2006, akapona, na 2007 akarusha mechi iliyotupa ubingwa. 2013 akashinda mechi mbili za fainali, ubingwa mwingine. Kabla ya msimu wa 2014 iliripotiwa kwamba walimpa ofa ya miaka 4 kwa milioni 70. Mrushaji wa daraja lake hakuwa wa bei hiyo, kila mtu alijua. Julai mwaka huo akapelekwa Oakland, na Desemba akasaini Cubs miaka 6 kwa milioni 155. 2016 Cubs wakabeba kombe walilolisubiri miaka 108, naye akiwa nguzo.

Sisi je? Desemba 2015 tukamsajili David Price, mrushaji wa mkono wa kushoto kama Lester, miaka 7, dola milioni 217. Wakati huo hakuna mrushaji aliyewahi kupewa mkataba mkubwa kuliko huo. Yaani milioni 155 za mtu wetu zilikuwa nyingi, milioni 217 za mtu wa nje zikapatikana.

Sasa shika hapo hapo kwa Price, maana ndipo panaponiuma.

Februari 2020 Price alikuwa amebakiza miaka 3 na milioni 96. Timu ilikuwa imelipa kodi ya anasa misimu miwili mfululizo. Hii ni kodi anayotozwa mwenye timu mishahara ikivuka kiwango kilichowekwa, na kila mwaka ukirudia asilimia inapanda: 20, halafu 30, halafu 50. Wakubwa wakataka kushuka chini ya kiwango. Mkataba wa Price pekee haukuwa na mnunuzi, nani angeubeba? Wakaufunga pamoja na Mookie Betts. Dodgers wa Los Angeles wakawachukua wote wawili, na bado Boston ikakubali kulipa nusu ya hela za Price, milioni 48.

Mookie Betts, wakuu. Alichaguliwa raundi ya 5 ya uteuzi wa vijana mwaka 2011, kijana mfupi wa Nashville ambaye wengi hawakumpa nafasi. 2018 akawa mchezaji bora wa ligi ya Amerika: wastani wa kupiga .346, homurani 32 (mpira kupigwa ukavuka uzio), beisi 30 za kuiba (kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa). Mwaka huo tulishinda mechi 108 na kuwafunga Dodgers hao hao fainali, mechi 4 kwa 1. Akiwa na miaka 27 akauzwa, na tukapokea Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Downs alicheza mechi chache kwetu 2022 akaachwa. Verdugo alipelekwa Yankees Desemba 2023, kwa mahasimu wetu. Amebaki Wong, mdakaji.

Betts? Julai 2020, kabla hajacheza hata mechi moja ya msimu na Dodgers, akasaini miaka 12 kwa milioni 365. Ilikuwa katikati ya korona, viwanja vitupu, na bado hela ilipatikana. Oktoba akabeba kombe. 2024 akabeba tena. 2025 tena.

Babe Ruth, gwiji wetu wa zamani, aliuzwa kwa Yankees ikatangazwa Januari 1920. Betts aliondoka Februari 2020. Karne nzima, na tukarudi pale pale.

Mliobobea na mlio wageni, karibuni. Nitaendelea na Bogaerts na Devers chini, hapa naona nimeshaandika mengi.

Naomba kuwasilisha.

#2 Jogoo wa Anfield

Mkuu besiboli siijui kabisa, nimevutwa na kichwa cha habari. Swali moja: hawa Red Sox si ndio wenye Liverpool yetu? John Henry yule yule?

#3 Mwana-Maine

Ndio hao hao mkuu. Fenway Sports Group. Henry na wenzake waliinunua Red Sox 2002, Liverpool wakaichukua Oktoba 2010. 2021 wakainunua pia Pittsburgh Penguins ya mpira wa magongo wa barafu.

Na ndio maana nasema hela si tatizo. Kiangazi cha 2025 mlimnunua Wirtz, mkamnunua Isak kwa pauni milioni 125, rekodi ya Uingereza. Vitabu vya hesabu ni tofauti, najua, lakini wenye mali ni wamoja. Huwezi kuniambia nyumba hiyo ina njaa.

#4 Jogoo wa Anfield

Duh. Basi nakuelewa kuliko unavyodhani. Trent, mtoto wa Liverpool damu damu, kaondoka mkataba ukiwa ukingoni kwenda Madrid. Ila Salah na Van Dijk waliwaongezea mikataba. Nakaa hapa nisome.

#5 Mama Lowell

Kaka Mwana-Maine, heshima yako. Uchungu wako naujua, nipo Massachusetts miaka mingi na uwanjani kwetu Fenway nimeenda sana. Lakini unatupa upande mmoja.

Kwanza, Price unayemlalamikia alishinda mechi mbili za fainali ya 2018, ikiwemo ile ya mwisho. Bila yeye kombe la 2018 lisingekuja. Pili, Lester alipokwenda Oakland tulimpata Cespedes, Cespedes tukambadilisha na Rick Porcello wa Detroit, na Porcello akashinda mechi 22 mwaka 2016 akawa mrushaji bora wa ligi. Mbona hilo hukuandika? Tatu, Betts aliripotiwa kukataa milioni 300 za miaka 10, akataka 420 kwa miaka 12. Ungefanyaje wewe? Umwache aondoke karibu bure kama Trent wa huyo ndugu hapo juu?

Na tangu Henry anunue timu tumeshinda 2004, 2007, 2013 na 2018. Kabla yake tulikaa miaka 86 bila kombe. Mimi nina jirani mzee ambaye baba yake alizaliwa baada ya 1918 akafa kabla ya 2004. Maisha yake yote hakuona ubingwa. Tuwe na shukrani.

#6 Mwana-Maine

Dada Mama Lowell, nakushukuru, hii ndiyo hoja ninayoitaka.

Price wa Oktoba 2018 nampigia saluti na jezi yake siwezi kuitupa. Hoja yangu haiko kwenye mkono wake. Iko kwenye milioni 217. Kama Lester angelipwa 2014, mkataba wa Price usingekuwepo, na 2020 kusingekuwa na mzigo wa kumfungia Betts. Porcello vile vile, nampa haki yake, lakini Porcello na Lester walitosha kukaa kikosi kimoja.

Kuhusu Betts na 420: hiyo ndiyo bei aliyotaja mezani, na mezani kila mtu anaanza juu. Dodgers walikaa naye wakamaliza kwa 365. Tofauti ya 300 kwa 10 na 365 kwa 12 kwa mwaka ni ndogo mno, piga hesabu mwenyewe: milioni 30 dhidi ya 30 na kidogo. Kilichokosekana ni miaka 2 na nia. Watu walituambia atakwenda tu sokoni kujaribu bahati yake, hasaini popote. Akasaini baada ya miezi 5, na timu ambayo hakuwa ameichezea.

Na ile kodi? Ya msimu wa 2019 ilikuwa kama dola milioni 13. Kumi na tatu. Huo ni mshahara wa mchezaji mmoja wa kawaida kwa mwaka.

Makombe manne nayashukuru, na tena nayatumia kama ushahidi. Wamiliki hawa wanajua kushinda, walishatuonyesha. Ndio maana siwapi nafuu. Baada ya kumuuza Betts tumemaliza mkiani mwa kundi letu 2020, 2022 na 2023. Katikati hapo 2021 tulifika nusu fainali, nikafurahi kama wewe, halafu majira ya baridi yaliyofuata tukarudia yale yale.

Sasa Bogaerts, kama nilivyoahidi.

Xander Bogaerts alitoka Aruba akiwa na miaka 16, Red Sox ndio waliomsajili. Makombe mawili, 2013 na 2018. 2019 alikubali miaka 6 kwa milioni 120, bei ambayo wote walikiri ni nafuu kwa timu, kwa sababu alitaka kubaki. Kulikuwa na kipengele cha kumruhusu atoke baada ya 2022. Kabla ya msimu huo iliripotiwa kwamba walimwongezea mwaka mmoja na milioni 30. Basi. Wiki hizo hizo wakamsajili Trevor Story, mtu anayecheza nafasi ile ile ya Bogaerts, miaka 6 kwa milioni 140, wakamsogeza beisi ya pili asubiri. Kila mwenye macho alielewa ujumbe.

Desemba 2022 Bogaerts akaenda San Diego, miaka 11, milioni 280. Wiki hiyo hiyo tukamsajili Masataka Yoshida kutoka Japani, miaka 5 kwa milioni 90, na juu yake milioni 15 na ushee za kuilipa timu yake ya Orix. Jumlisha Story na Yoshida na ada: 245. Story aliumia kiwiko, kisha bega, 2023 na 2024 akacheza mechi 69 tu kwa misimu miwili. Yoshida anajua kupiga, ila ulinzi umemshinda, kwa hiyo amekaa sana kwenye nafasi ya mpigaji asiyelinda (anapiga tu, timu ikilinda yeye anakaa nje). Ikumbukeni nafasi hiyo, inarudi.

#7 Kiti cha Bliza

Mkuu nafuatilia toka Mombasa, mechi zinanikuta alfajiri. Nakubaliana na wewe kwa Betts asilimia mia, lakini kwa Bogaerts hapana. Miaka 11 hadi atakuwa na miaka 41? Tangu aende San Diego hajafikia kiwango cha Boston. Hapo uongozi uliona mbali. Si kila mtoto wa nyumbani anastahili kulipwa bei yoyote.

#8 Mwana-Maine

Kweli kabisa, milioni 280 hata mimi nisingetoa. Lakini aliyefikishwa kwenye 280 alipitia kwanza kwenye mwaka mmoja na milioni 30. Mtu aliyewahi kukubali bei ya chini ili abaki, ukimkalisha kwa heshima mwaka mmoja kabla ya soko, hamfiki huko. Wakishafika sokoni ndipo timu inasema "ghali mno", na kwa siku hiyo inakuwa kweli. Ndivyo ilivyokuwa kwa Lester pia.

Tuje kwa Rafael Devers, hapa ndipo nilipotaka kufika.

Januari 2, 2023 kulikuwa na mechi ya magongo ya barafu uwanjani Fenway, Bruins na Penguins. Henry akazomewa na mashabiki waziwazi, baada ya Bogaerts kuondoka. Siku mbili baadaye zikatoka habari kwamba Devers, kijana tuliyemtoa Jamhuri ya Dominika 2013, anapewa miaka 10, milioni 313.5. Niliruka kitandani. Nikasema wamesikia.

Februari 2025 wakamleta Bregman, miaka 3 kwa milioni 120, na ruhusa ya kuondoka kila mwaka. Bregman anacheza beisi ya tatu. Devers anacheza beisi ya tatu. Devers akasema hadharani hiyo ni nafasi yake. Wakamhamisha kuwa mpigaji asiyelinda, ile nafasi ya Yoshida. Akakubali kwa shingo upande na akapiga vizuri. Mwezi Mei, Triston Casas akaumia goti vibaya, wakamwomba Devers sasa ajifunze beisi ya kwanza. Akakataa. Henry mwenyewe akapanda ndege kwenda kuongea naye Kansas City.

Juni 15 tukawafunga Yankees mechi ya tatu mfululizo Fenway. Devers akapiga homurani siku hiyo. Jioni akawa ameuzwa San Francisco. Nilikuwa bado nina furaha ya ushindi, simu ikawaka, nikadhani ni uzushi. Giants wakabeba mkataba wote uliobaki, zaidi ya milioni 250, wakatupa Jordan Hicks, Kyle Harrison na vijana wawili wa daraja la chini, mmoja wao, Tibbs, akawa ameshapelekwa Dodgers kabla Agosti haijaanza.

Devers alikosea? Ndio, mtu anayelipwa vile akiombwa kujaribu beisi ya kwanza timu ikiwa na majeruhi, anajaribu. Sitamtetea hapo. Ila ni nani alileta mtu wa pili kwenye nafasi yake bila kukaa naye kwanza?

Kwa hiyo mwisho wa yote: Devers tuliyempa miaka 10 kaondoka kwa sababu ya Bregman, na Bregman naye kaenda. Miezi 12 haijapita. Tena kaenda Cubs, kule kule kwa Lester.

#9 Mama Lowell

Kaka, hilo la Devers halina mtetezi, hata nyumbani kwangu tulibishana hadi usiku. Lakini ona kilichobadilika. Vijana wetu wenyewe, Bello kapewa miaka 6, Rafaela 8, Campbell 8, Roman Anthony 8 kwa milioni 130 akiwa na miaka 21. Mrushaji Crochet tulimtoa White Sox kwa vijana wanne na tukampa miaka 6 kwa milioni 170 kabla hajaonja soko. Hiyo si ndiyo dawa unayoililia? Na 2025 tumeshinda mechi 89, tukarudi kwenye mtoano, ingawa Yankees walitutoa 2 kwa 1.

#10 Mwana-Maine

Ni hatua, na Crochet ndiye usajili ulionipa raha kuliko wote tangu 2018. Usiku ule wa mechi ya kwanza ya mtoano Bronx, New York, alivyowanyamazisha Yankees kwao, nilisimama sebuleni muda wote.

Ila angalia aina ya mikataba hiyo ya vijana. Inanunua miaka ambayo timu ingeimiliki hata hivyo, pamoja na michache ya soko, kwa bei ya kijana ambaye bado hajathibitika. Ni akili nzuri ya biashara na kwa mchezaji ni usalama. Lakini haijibu swali la Betts: mtu aliyekwisha kuwa bora, anayetaka bei ya bora. Hilo bado hatujalijibu hata mara moja kwa aliyelelewa kwetu, isipokuwa Devers, na mnajua alipo.

Na usisahau Chris Sale. Desemba 2023, baada ya mwenyekiti Tom Werner kutuahidi kwamba majira hayo ya baridi watakwenda kwa nguvu zote, tukamtuma Sale Atlanta pamoja na milioni 17 za kumsindikiza, tukampata Vaughn Grissom. Badala yake tukamsajili Lucas Giolito kwa milioni 38.5, akaumia kiwiko Machi, hakurusha hata mpira mmoja 2024. Sale mwaka huo akashinda mechi 18 na kuwa mrushaji bora wa ligi yake.

#11 Jogoo wa Anfield

Nimesoma yote. Swali la mtu wa nje: wewe Mtanzania wa Portland, ilikuwaje ukaishia kwenye mchezo huu mpaka ukaumia hivi?

#12 Mwana-Maine

Swali zuri. Hapa Portland, Maine, tuna Sea Dogs, timu ndogo ya Red Sox, wanacheza Hadlock Field. Ukumbi wa Expo uko ubavuni mwa uwanja huo, wamepakana kabisa. Kiangazi cha 2019 mji uliufanya Expo kuwa makazi ya dharura ya mamia ya wakimbizi, wengi kutoka Kongo na Angola, vitanda vya kukunja vimejaa sakafu nzima ya mpira wa kikapu. Sisi wa Kiswahili tukaitwa kusaidia kutafsiri na kugawa chakula. Jioni mnasikia kishindo cha watu ukutani kwa jirani, watoto wanauliza kuna nini. Familia moja ya Uvira nikaipeleka kuona. Watoto wakala zile biskuti mbili kubwa zenye aiskrimu katikati zinazouzwa pale, wakawa wanashangilia kila mpira, hata uliopotea. Uwanjani alikuwepo kijana anakimbia sana, Jarren Duran. Siku hizi yuko Fenway, na 2024 alikuwa mchezaji bora wa mechi ya nyota.

Betts alipita Hadlock 2014. Bogaerts alipita. Anthony, Mayer na Campbell wamepita 2024, nimewaona wote watatu kwa karibu. Sisi wa huku tunawajua kabla Boston haijawajua. Kwa hiyo mtu anaposema ni biashara tu, namwelewa, lakini mimi sikuwanunua, nimewaona wakikua.

Na majira haya haya ya baridi jina la Duran limetajwa kwenye tetesi za kuuzwa, eti walinzi wa sehemu ya nje ya uwanja wamekuwa wengi.

#13 Mama Lowell

Duran wakimuuza nitakuja kuandika kwenye uzi huu mwenyewe, na nitakuwa upande wako.

#14 Mwana-Maine

Nakuwekea nafasi dada. Sea Dogs wanaanza Aprili, kuna baridi bado, njoo na koti na watoto. Tiketi na biskuti juu yangu.